Rimu Tisa

Kengele ya shule aliyofundisha Baba kule Kilosa ilikuwa rimu ya lori, imening'inizwa kwenye mwembe kwa waya, na kando yake kipande cha nondo kilichofungwa kamba kisipotee. Ukikulia kwenye nyumba za walimu unaijua sauti hiyo kuliko sauti ya saa yoyote. Iligongwa asubuhi na mapema wanafunzi waanze usafi, iligongwa kila kipindi kikiisha, iligongwa mfululizo bila mpangilio siku nyoka alipoonekana bwenini. Sikuwahi kufikiri kwamba ni ala ya muziki. Baba naye hakufikiri hivyo.

Januari 2025, usiku, nikiwa chumbani kwangu Sinza, nikaona video ya mtu anayetembea kati ya kengele tisa. Zimening'inizwa kutoka juu, safu tatu, kila safu kengele tatu. Mtu anatembea, akifika kwenye kengele anaigonga, anapita. Hachezi. Hatabasamu. Anatembea kama mlinzi anayezunguka jengo la benki, na viatu vyake vinasikika sakafuni, ko, ko, ko, bila kuharakisha wala kuchelewa. Dakika za mwanzo nilidhani ni mzaha wa watu wenye muda mwingi. Kisha nikaanza kubahatisha anakokwenda. Nikapatia. Nikapatia tena. Nikakosea, na nilipokosea niliudhika kama mtu aliyekosea hesabu, nikairudisha video nyuma nione kosa ni la nani. Lilikuwa langu.

Kazi hiyo inaitwa Nine Bells. Aliitunga Tom Johnson mwaka 1979, na video ilikuwa inasambaa kwa sababu Johnson alikuwa amefariki Paris wiki chache kabla, tarehe 31 Desemba 2024, akiwa na miaka 85. Alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa Colorado. Miaka ya sabini aliishi New York akiandika kuhusu muziki mpya katika gazeti la Village Voice, wakati ambapo watunzi kadhaa wa mji ule walikuwa wamechoka na muziki wa vyuoni, ule unaohitaji shahada kuusikiliza, wakaanza kutunga kwa vitu vichache vinavyorudiwa na kubadilika polepole. Muziki wao ukaitwa wa kiminimali. Mwaka 1983 akahamia Ufaransa.

Johnson aliwashinda wenzake kwa ubahili. Mwaka 1972 alitunga opera yenye noti nne tu. Mwaka 1986 akatunga kazi ya piano ambayo ndani yake hakuna kitu kingine ila kodi zote zinazowezekana ndani ya oktavu moja, moja baada ya nyingine, 8,178. Nilifanya hesabu kuhakikisha. Vitufe ni 13, kila kimoja ama kimebonyezwa ama hakikubonyezwa, kwa hiyo ni mbili kwa kipeo cha 13, yaani 8,192. Toa ukimya mmoja, toa noti 13 zinazolia peke yake kwa kuwa noti moja si kodi. Zinabaki 8,178. Namba kutimia vile kulinipa raha ambayo siwezi kumweleza mtu ambaye hakulelewa na mwalimu wa hisabati.

Alipenda kusema kwamba anataka kuugundua muziki, si kuubuni. Muziki uko tayari ndani ya namba, kazi ya mtunzi ni kwenda kuutafuta. Katika Nine Bells mpigaji anakwenda kuutafuta kwa miguu kweli kweli. Umbali kati ya kengele na kengele ndio muda kati ya sauti na sauti. Ukienda kengele ya jirani, sauti inakuja mapema. Ukikata mshazari, inachelewa, na kanuni ya Pythagoras inakuambia imechelewa kiasi gani. Sehemu ya kazi inafuata njia za duara, nyingine za kona, nyingine za kurudi nyuma, kila moja kwa sheria yake, na mpigaji anazitembea zote kwa muda unaokaribia saa nzima.

Najua kuna msomaji anayetaka kuniambia kwamba kwetu ngoma ni chombo na ni mchezo na ni shughuli yenyewe, kwamba wanawake wa Kigogo wanapiga muheme wakiwa wameibana ngoma mapajani na huwezi kuonyesha upigaji unaishia wapi na uchezaji unaanzia wapi. Mama yangu ni Mgogo, sihitaji kukumbushwa. Lakini hiki ni kitu kingine. Hapa hakuna anayecheza. Mtu anatembea tu, kutembea kule kule kwa kwenda dukani, na kutembea huko ndiko kunakohesabu.

Na mimi wakati ule kutembea ndiko nilikokuwa nakuwaza usiku na mchana.

Baba alipata kiharusi Novemba 2024, miaka mitatu baada ya kustaafu. Asubuhi alishindwa kufunga vifungo vya shati, Mama akadhani ni uchovu. Saa nne akashindwa kusema. Upande wa kulia ulilegea, mkono zaidi ya mguu, na maneno yakaondoka nao. Daktari alitueleza kwamba kwa watu wengi lugha hukaa upande wa kushoto wa ubongo, ule ule unaoendesha mkono na mguu wa kulia, ndiyo maana viwili hivyo mara nyingi huondoka pamoja. Alikuwa anaelewa kila kitu. Vijana waliopita barabarani wakimwita "Shikamoo Mwalimu", macho yalijibu. Ila neno likitaka kutoka lilikatikia njiani, likatoka kipande, kipande chenyewe mara nyingi si chake.

Mtaalamu wa mazoezi alitufundisha la kufanya nyumbani. Kunyanyua goti. Kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu. Kutembea na fimbo kutoka kwenye kiti hadi mlangoni na kurudi, mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Akasema miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa, tusiichezee. Baba alifanya kwa wiki tatu kisha akagoma. Hakusema amegoma, hakuwa na neno la kusemea. Alikaa. Ukimpa fimbo aliiegemeza ukutani taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

Mimi nilidhani ni aibu. Kaka alidhani ni kukata tamaa, akatuma hela za dawa nyingine. Mama, aliyeishi naye miaka 34, alisema, "Anaona ni upuuzi. Unakwenda mpaka mlangoni halafu hutoki."

Nilimkasirikia Baba kwa kugoma, na hasira ile haikuwa ya mazoezi peke yake. Nikiwa kidato cha pili alinifundisha hisabati. Mtihani wa muhula mmoja nilipata kila swali, akanipa 98. Nyumbani nilimuuliza, kwa adabu zote, kosa liko wapi. Akasema sikuandika vizio kwenye swali la kumi na mbili. Darasani kulikuwa na wavulana wawili waliosahau vizio vile vile na hakuwakata kitu. Nilijua kwa sababu niliomba karatasi zao nikazikagua. Aliogopa walimu wenzake waseme anampendelea binti yake. Leo nafanya kazi ya takwimu, na kila nikimaliza jedwali nakagua vizio mara mbili, na kila nikivikagua naudhika kidogo.

Sikuanza na kengele. Nilianza na makofi, kwa sababu makofi ni bure.

Februari nilipanda treni kwenda Kilosa nikiwa na Clapping Music kichwani. Hii ni kazi ya Steve Reich ya mwaka 1972, ya watu wawili na mikono yao minne, aliyoitunga akitaka kitu kisichohitaji ala yoyote nje ya mwili. Kuna mdundo mmoja wa mapigo kumi na mawili, manane yana kofi na manne ni kimya: makofi matatu, kimya, mawili, kimya, moja, kimya, mawili, kimya. Mtu wa kwanza anaurudia mdundo huo mwanzo hadi mwisho bila kubadilisha chochote. Wa pili anaanza naye pamoja, kisha baada ya marudio kadhaa anausogeza mdundo wake mbele kwa pigo moja, wanabaki hapo, anausogeza tena, mpaka baada ya kusogea mara kumi na mbili wanakutana tena walipoanzia. Ni hayo tu. Ukiisikia hutaamini kwamba ni mdundo mmoja.

Reich alikuwa amekwenda Ghana mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Ghana pale Legon, akajifunza ngoma za Waewe kwa bwana Gideon Alorwoyie. Malaria ikamrudisha kwao baada ya wiki tano hivi. Aliporudi alitunga Drumming, kazi ya takriban saa nzima inayoanza na mdundo mmoja unaojengwa pigo baada ya pigo. Yeye mwenyewe amesema Ghana haikumbadilisha, ilimthibitishia tu alichokuwa tayari anakielekea, na ni kweli kwamba kabla ya safari alikuwa ameshatunga kazi za midundo inayoachana na kukutana. Nakubali nusu. Mtu haendi wiki tano kusikiliza kengele ya pigo kumi na mbili ikiongoza ngoma nne kisha akatunga mdundo wa pigo kumi na mbili na kusema ni wa kwake peke yake. Lakini pia hakuuiba. Mdundo wake si ule wa Waewe, na wazo la kuusogeza polepole mpaka uzunguke ni lake. Baba angesema amefanya swali jingine kwa kanuni ile ile.

Mkono wa kulia wa Baba haukuwa unafika kwa mwenzake kwa wakati, kwa hiyo aligonga meza kwa kushoto. Nilimwonyesha mdundo mara tatu. Mara ya nne alikuwa nao. Nikamwambia yeye abaki palepale, mimi ndiye nitakayesogea. Nikasogea mara ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu nikapotea kabisa, nikawa napiga makofi tu kama mtu kwenye harusi asiyojua wimbo wake. Baba hakutetereka. Mdundo wake uliendelea mezani, kavu, hauna huruma, huku akinitazama. Kisha akacheka. Mama alitoka jikoni kuja kuona nini kimetokea, maana kicheko kile hatukuwa tumekisikia tangu Novemba.

Tatizo ni kwamba tulikuwa tumekaa.

Pasaka nilirudi na hela. Fundi wa kuchomelea karibu na stendi alikuwa na rundo la rimu zilizopinda na kupasuka anazosubiri kuziuza kwa kilo. Nilizigonga moja moja kwa spana huku vijana wake wakinitazama. Nikachukua tisa: mbili za Fuso, tatu za Corolla, moja ya Noah, moja ya bajaji, moja ya pawatila, na moja ya spoti ambayo fundi alinipandishia bei alipoona nimeipenda. Rimu ya Fuso inalia chini, unaisikia kifuani. Ya bajaji inalia kama sahani. Ya spoti inalia ndefu, unaweza kutembea hatua nne bado inasema.

Tulisimika nguzo sita za mkaratusi nyuma ya nyumba, palipokuwa na bustani ya mchicha, tukalaza miti mitatu juu yake na kutundika rimu kwa waya, usawa wa kifua, mita moja na nusu kati ya moja na nyingine. Nilizipaka namba kwa rangi nyeupe, 1 mpaka 9, zimepangwa kama vitufe vya simu. Mchicha ulikufa. Mama alisema haidhuru, kwa sauti ya mtu ambaye inamdhuru.

Kitu nilichokuwa sikukiwaza ni mkono. Mpigaji wa kwenye video alikuwa na mikono miwili mizima. Baba alikuwa na mmoja, na huo ulikuwa umeshika fimbo. Alisimama mbele ya rimu namba 1, akaitazama, akaitazama fimbo, akanitazama mimi. Nikaona upumbavu wangu wote, nguzo sita na mchicha uliokufa. Kisha akapanga miguu, akahamisha uzito kama alivyofundishwa na kukataa kufanya kwa miezi miwili, akainua fimbo na kuigonga rimu kwa ncha yake. Kwa muda wa pigo moja alisimama duniani bila kushikilia kitu.

Mtaalamu wa mazoezi nilipomweleza kwenye simu alikaa kimya, kisha akasema lazima pawe na mtu nyuma yake kila mara, mkono mmoja kwenye mshipi. Nikawa nyuma yake. Tulikwenda 1, 2, 3. Tulipumzika. Tukaenda 1, 4, 7. Siku ya tatu nikamwekea swali, maana nilishajua kwamba mlango haumvutii na namba humvuta. Nilimwambia, "Baba, zipite zote tisa, kila moja mara moja tu, bila mshazari. Anzia popote."

Akaanzia 1, akaenda 2, 3, 6, 5, 4, 7, 8, 9. Kama nyoka. Ilimchukua karibu dakika saba. Akakaa, akafuta jasho, akanionyesha kidole: nyingine.

Nikamwambia, "Sasa anzia 2."

Hakunyanyuka. Alitikisa kichwa. Nikadhani amechoka, nikasema basi kesho. Akatikisa kichwa tena, kwa hasira, akasema, "Wi. Wi."

"Unataka maji?" Wakati huo maneno yalikuwa yanatoka yamevaliana, wi ingeweza kuwa chochote. Mama akaja na maji. Akayasukuma. "Wi," akasema. "Wi-ti."

Nilimpa daftari na kalamu. Kwa mkono wa kushoto, kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza, akaandika namba kwenye mistari miwili. Juu: 1 3 5 7 9. Chini: 2 4 6 8. Akapigia mstari ule wa juu. "Witiri," akasema, neno zima.

Nilikaa chini kwenye udongo. Ukitembea wima au mlalo kwenye miraba ile, kila hatua inakutoa kwenye namba witiri kukupeleka kwenye shufwa, au kinyume chake. Hakuna njia ya kutoka witiri kwenda witiri bila mshazari. Witiri ziko tano, shufwa nne. Ukianzia witiri utakwenda witiri, shufwa, witiri, shufwa, na utamalizia witiri, zote zimetosha. Ukianzia 2 utaishiwa na shufwa kabla witiri hazijaisha. Daima itabaki moja. Mtu ambaye hakuweza kuniambia kama anataka maji alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akithibitisha jambo, na mimi mwenye shahada ya takwimu sikuwa nimeliona.

Kisha akaongeza kitu chini ya ukurasa, duara lenye mshale unaorudi mwanzo, akalikata kwa msalaba. Hilo nalo nililielewa baada ya muda. Huwezi kuzipita zote tisa ukarudi ulikoanzia, kwa sababu ili urudi, witiri na shufwa lazima zilingane.

Wiki zilizofuata Mama ndiye aliyekuwa nyuma yake na mshipi, nami nikipiga simu kila jioni kuuliza wameenda njia gani. Baba alikuwa anazihesabu. Njia zote za kuzipita tisa bila kurudia, akichukulia kwenda na kurudi kuwa njia mbili, ni arobaini: nane ukianzia katikati, nane ukianzia kila kona. Aliziandika zote kwenye daftari, na kila aliyoiandika aliitembea, nyingine siku hiyo hiyo, nyingine baada ya siku tatu mvua ikinyesha. Shangazi alikuja kumwona, akaelezwa, akauliza kwa nini iwe arobaini. Hakuipenda namba hiyo kwa mgonjwa. Baba alionyesha kwa mkono kwamba si yeye aliyeichagua.

Njia ya ishirini na sita ndiyo iliyomwangusha. Mama alikuwa ameachia mshipi aende kuzima jiko. Baba alikuwa kati ya 5 na 6, akainua fimbo kabla mguu wa kulia haujakaa, akaanguka upande, kichwa kikaikosa rimu kwa kiasi cha kiganja. Mkono ulivimba, mfupa ulikuwa mzima. Kaka alinipigia simu kutoka Mwanza. Hakupaza sauti, ingekuwa afadhali. Alisema, "Wewe unamfanya baba yetu maonyesho. Umeona kitu cha Wazungu kwenye simu, ukakileta kwa mgonjwa." Nikamwambia ziondolewe. Nilimaanisha. Sikuwa na hoja: anayelipia hospitali ni yeye, aliyeanguka ni Baba, na aliyekuwa Sinza na video zake ni mimi.

Kijana wa jirani alizishusha rimu, akazipanga ukutani. Zilikaa chini siku nne. Siku ya tano Mama alimwita kijana yule yule azirudishe. Nilipomuuliza kwa nini, alisema Baba alikuwa anakwenda nyuma ya nyumba peke yake bila kuaga, anasimama kati ya nguzo, anatembea njia zake bila kengele. "Afadhali zilie," akasema. "Nikiwa jikoni nasikia yuko wapi."

Nilipokwenda Juni nilimsikiliza kutoka jikoni kwa Mama. Kwenye video hatua zote zinalingana, hilo ndilo linaloifanya kazi ile iwe ilivyo. Hatua za Baba hazilingani. Mguu wa kushoto unatua, wa kulia unaburuzwa na kuchelewa, fimbo inatua katikati yao, kwa hiyo ni fupi, ndefu, na kigongo cha mti kati yake, kisha rimu. Mwanzoni nilisikia kasoro. Baada ya njia mbili tatu nilikuwa nausubiri ule uchelewaji, na rimu ya spoti iliyokuwa bado inalia iliujaza. Nilijaribu kuupiga mezani kwa vidole nikashindwa. Mama alikuwa akikata vitunguu kwa mdundo huo huo wala hajui.

Alimaliza ya arobaini mwishoni mwa Julai. Kaka alikuwapo, alikuja likizo, na ndiye aliyeshika mshipi. Hakuniambia chochote kuhusu siku ile, ila alinitumia picha ya daftari.

Agosti, Jumamosi, Mama alinipigia saa moja asubuhi. Usiku watu wa vyuma chakavu walikuwa wamepita, wameiba rimu. Moja tu, ile ya spoti, iliyokuwa katikati, namba 5. Nadhani mbwa wa jirani aliwakatisha. Niliumia kwa sababu ndiyo niliyoilipia zaidi. Nikamwambia nitampigia fundi leo hii, nitume hela, ipatikane nyingine kabla ya jioni, Baba asikatishwe.

"Baba yako yuko huko nyuma tangu alfajiri," Mama akasema. "Anazunguka tu."

"Anazunguka vipi?"

Nilimsikia akitoka nje na simu. Nikasikia rimu ya bajaji, ile sahani, kisha Fuso, kisha kigongo cha fimbo. Zikazunguka zote. Ikalia bajaji tena. Mama akamwambia mwanao anataka kununua nyingine, akampa simu. Nilisikia pumzi yake, amechoka, na nikasubiri, kwa kuwa tulishajifunza kusubiri.

"Usi," akasema. "Usinunue."